Kabla Hujaifungulia Marquee Moon

Uonywe mapema, maana aliyekupa albamu hii hatakuonya. Atakwambia tu "hebu sikiliza," kisha akukodolee macho nyimbo zote nane aone kama umeguswa.

Jambo la kwanza, usidanganywe na sifa ya panki. Ni kweli kundi lililotoa albamu hii, Television, lilikuwa likipiga CBGB, klabu ya New York, jukwaa lilelile la akina Ramones. Ila albamu ya Ramones ya 1976 inamaliza nyimbo 14 kabla ya nusu saa, ilhali kwenye hii ya Februari 1977 wimbo uliobeba jina la albamu peke yake unakaribia dakika 11. Kama umebandika chai ya maziwa, epua kwanza.

Sauti ya Tom Verlaine nayo itakushtua. Anaimba kama mtu aliyekabwa koo na bado anabishana na aliyemkaba. Vumilia, wimbo huo mrefu ni wa nne, na ukifika hapo utakuwa umeshamzoea.

Hatari yenyewe iko kwenye magitaa ya wimbo huo. Gitaa moja linaanzia sikio hili, linagonga palepale kwa ukaidi. La pili linalijibu kwenye sikio lile, kwa kisauti kinachotetemeka. Inaingia besi ya Fred Smith, halafu ngoma za Billy Ficca, na hapo ndipo unapogundua kwamba muda wote ulikuwa unatikisa kichwa pasipo penyewe. Usijaribu kucheza, hasa mbele za watu. Aliyelelewa na muziki wa dansi, akazoea solo na ridhimu kupishana bila kukanyagana, atalielewa jambo hili upesi kuliko shabiki wa roki aliyezoea gitaa moja litambe na jingine libebe mizigo. Kwa Verlaine na Richard Lloyd hakuna mbeba mizigo. Solo fupi ni ya Lloyd. Ile ndefu ni ya Verlaine: inapanda taratibu mpaka vyombo vyote vinapanda nayo, vinafika kileleni, vinatulia. Hapo wageni huvua spika za masikioni wakidhani yameisha. Usivue! Wimbo unarudi ulikoanzia. (Wenye santuri za zamani, poleni: kwenu mwisho ulififishwa kabla ya dakika ya 10.)

Usiirudishe dukani ukidai jalada limeharibika. Picha ni ya Robert Mapplethorpe, lakini Lloyd aliipeleka kwenye duka la fotokopi, rangi zikatoka za ajabu, na kundi likaipenda nakala kuliko picha yenyewe.

Wala usitambe kwa mauzo. Uingereza iliingia 30 bora; Marekani, kwao, haikufurukuta. Kundi lilitoa Adventure mwaka 1978, nzuri lakini si hii, likavunjika mwaka huohuo. Ya tatu ilitoka 1992. Mashabiki wa zamani walisubiri miaka 14. Wewe utabofya tu, tena bila adabu, kabla hata hii haijaisha.