Namna ya Kumpigia Mjomba wa Minneapolis

Kwanza, uwe na shida. Hakuna aliyewahi kupiga hesabu za saa za Marekani kwa ajili ya salamu tupu. Mchango wa harusi unatosha.

Tazama saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye nane, nawe unasoma saa mbili usiku, kama ulivyolelewa. Minneapolis wako nyuma yetu kwa saa tisa. Usihangaike kurudi nyuma kwa vidole: ongeza tatu, kisha geuza usiku uwe mchana. Mbili na tatu, tano. Saa tano asubuhi! Mjomba yuko macho. Yuko kazini pia, lakini hayo ni ya kwake na bosi wake. (Tarehe uiangalie mwenyewe, Jumatatu yetu alfajiri, kwake bado ni Jumapili usiku.)

Kanuni hiyo ni ya Novemba hadi Machi. Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani husogeza saa zao mbele ili wafaidi jua la jioni, basi badala ya tatu uongeze nne, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba watakapozirudisha. Sisi ambao jua letu huchomoza saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, tuwaombee tu.

Kosa kubwa ni kumwuliza mjomba mwenyewe. Atakwambia, "Nipigie saa mbili." Mbili ya mama yake au ya bosi wake? Ya huku au ya kule? Hapo umeshapata majibu manne, na kila moja lina usiku na mchana wake. Jumla nane, na mjomba mmoja.

Hesabu zikikushinda kabisa, tafuta mjomba Buenos Aires. Wao wako nyuma yetu saa sita kamili na saa zao hawazigusi, kwa hiyo wewe ukitamka saa mbili usiku, mshale wao uko kwenye mbili mchana. Hakuna watu tunaoelewana nao saa kama Waargentina. Tatizo, hatuna ndugu huko.

Basi piga. Ikipokelewa kwa sauti nzito, "Kuna nini? Nani amefariki?", ujue ulisahau kugeuza. Usikate. Mwambie hakuna msiba, mjomba, ni harusi. Ataitaja ahadi yake hapo hapo, tena nono, kwa furaha ya kwamba wote tuko hai.