Watu Wanne Wanachunga Mbao Yangu

Nyinyi majirani mnajua uzee ni gharama. Lakini mlijua kwamba hata kuungojea kunalipiwa?

Mama watoto ametoa amri: nitafute pensheni, hataki kunilisha uji nikiwa kibogoyo. Sawa. Mimi ni fundi wa mageti, jua kali safi, sina mwajiri, sina payslip, nina kutu kwenye kucha. Watu wa aina yangu ndio tuliotengenezewa ule Mpango wa Mbao, ulioanza na shilingi 20 kwa siku, unatuma kwa simu. Nikasema hapo nimefika. Mama watoto akasema wapi! Nyanya hazinunuliwi kibanda cha kwanza. Zunguka, linganisha.

Nikazunguka. Ofisi ya kwanza, kabla sijafungua mdomo, yule dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kabisa: "Guka, wanaochukua pensheni ni dirisha lile." Guka! Hata 50 sijagonga. Watu wa foleni wakanipisha nipite mbele. Nikapita, nifanyeje?

Nikauliza pesa yangu italala wapi. Kumbe hailali, inachungwa. Kuna wadhamini. Kuna msimamizi wa kuandika vitabu. Kuna meneja wa kuwekeza. Kuna benki ya kushikilia hisa na bondi, meneja asije akatoroka nazo. Sheria ndiyo imesema hivyo, na RBA, ile mamlaka ya kusimamia pensheni, wako juu wanawaangalia wote. Vizuri. Lakini hao wote wanakula, na sahani ni moja.

Nikarudi nyumbani na vijitabu vya rangi. Kila kimoja kina wazee wanacheka ufuoni, meno yote yapo. Makato hayako kwa ukurasa wa wazee. Yako nyuma kabisa, herufi ndogo mpaka nikaazima miwani ya mama watoto, ile ya maua.

Kampuni moja inakata asilimia 2 kwa mwaka. Nyingine asilimia 1. Ya tatu haina mambo ya asilimia, inataka soo kila mwezi, basi. Nikaipenda hiyo ya tatu. Soo ni nini? Chai na mandazi, imeisha.

Binti yangu wa kidato cha tatu akaguna. "Baba, mbao kwa siku ni 600 kwa mwezi. Wakitoa 100, sehemu moja ya sita imeenda hata kabla pesa haijakaa." Nikamwambia hiyo ni hesabu ya shule. Nikaenda chooni nikahesabu kwa vidole. Sita kweli. Mwenye kuweka elfu hamsini kwa mwezi, soo haimwashi. Mimi inaniwasha.

Haya, na kati ya 2 na 1? Nikasema tusikosane na watu kwa sababu ya moja. Mtoto akachukua simu yangu yenye kioo cha nyufa. Tuseme una 100,000, inazaa asilimia 10 kila mwaka, uiache miaka 30. Ukikatwa 1, unabaki na kama 1,327,000. Ukikatwa 2, kama 1,006,000. Laki tatu na ushei zimeyeyuka! Hayo ni mageti mangapi? Na hakuna wa kupeleka polisi, maana sahihi ni yangu, tena kwa kalamu yao ya bure.

Hujapumua, kuna ya matangazo. Huyu anajigamba faida 11, yule 10. Mimi mbio kwa 11. Kumbe 11 ni kabla ya makato, 10 ni baada. Na ukitaka kuhama, kuna anayekutoza ada ya mlango.

Nikampigia ajenti. Nikamwomba kitu kimoja tu: aniandikie kwa shilingi, si kwa asilimia, mbao zangu za mwaka mzima zitabaki ngapi wakishakula wote. Kimya. Kisha: "Guka, hiyo tutakurudia."

Simu ikilia naruka. Ni mwenye geti, anauliza bawaba zake.