Barua ya Wazi kwa Wenye Mto Tana

Kwa: Mamlaka ya Maendeleo ya Mito ya Tana na Athi (TARDA), Nairobi
Nakala: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), serikali za kaunti za Machakos na Embu
KUH: UTALII WA MIGUU NA BAISKELI MASINGA

Bonde la Tana huko Masinga lina aina mbili za watu: wageni na wapita njia. Mgeni hutambulika kwa gari lake. Mpita njia hatambuliki kabisa. Hutembea na mtungi mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso, au husukuma baiskeli ya Black Mamba yenye kreti ya samaki kwenye keria. Huwaona viboko wale wale na machweo yale yale anayoyalipia mgeni, ila kwa takwimu za utalii yeye hajawahi kupita hapo.

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981. Ndilo la juu kabisa katika mlolongo wa mabwawa matano, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na likijaa hufunika takriban kilomita za mraba 120. Mto ni mmoja, wenyewe ni wengi. TARDA, iliyoundwa mwaka 1974, ndiyo iliyolijenga bwawa. Umeme huzalishwa na KenGen. Viboko ni wa KWS. Samaki wana idara yao, na kaunti hubadilika mtu akivuka ng'ambo. Kiboko anayetoka majini usiku kwenda malishoni huivuka mipaka hii yote bila barua ya utambulisho, na alfajiri huwa amesharudi. Hadi sasa ndiye mtalii wa miguu aliyefanikiwa kuliko wote.

Njia za kando ya bwawa hazichoreki kirahisi, maana hufuata kimo cha maji. Bwawa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, ambacho ndicho kimo chake cha kujaa, maji huingia vichakani na mwenye baiskeli hufukuzwa juu kwenye mawe na miiba ya migunga. Ukame ukishika, ufuo hupanuka ukawa uwanja wa matope makavu, mzuri sana kwa tairi nene. Mwaka 2009 maji yalishuka hata kituo cha umeme cha Masinga kikafungwa. Taifa lilikaa gizani kwa zamu, lakini mwendesha baiskeli alipata barabara ambayo hakuna mkandarasi aliyelipwa kuijenga. Taarifa za kimo cha maji, zinazotolewa kwa ajili ya umeme na mafuriko, ndizo basi ramani bora ya bonde hili. Haijampitikia yeyote ofisini kwamba mtu asiye mhandisi anaweza kuzihitaji.

Chini ya Masinga, upande wa Embu wa bwawa la Kamburu, ipo Hifadhi ya Mwea, iliyotangazwa mwaka 1976 pale mto Thiba unapoingia Tana. Mna ndovu, nyati, twiga na mamba. Mna pia zogoyogo wa Hinde, ndege asiyepatikana nchi nyingine yoyote duniani. Hukaa kwa vikundi vidogo ndani ya vichaka vizito, na husikika kwanza kabla ya kuonekana. Injini ikinguruma hasikiki. Injini ikizimwa bado haonekani, kwa kuwa gari haliingii kichakani. Anayemtaka kwa dhati sharti ashuke.

Jibu la kawaida ni kwamba ndovu na nyati hawapatani na waenda kwa miguu. Ni jibu la haki, na nyati wenyewe wangeliunga mkono. Hata hivyo Ol Donyo Sabuk, katika kaunti ya Machakos, ina nyati tele, na watu huupanda mlima hadi kileleni, mita 2,145, wakisindikizwa na askari wa KWS. Hell's Gate, kule Naivasha, wageni huingia kwa baiskeli na kuwapita pundamilia na twiga. Mchota maji wa kando ya bwawa hukutana na kiboko bila msindikizaji, ingawa sheria haikumsahau: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, akiuawa, familia yake inastahili fidia ya shilingi milioni 5. Mgeni hulipa akiwa hai. Mwenyeji hulipwa akishakufa.

Kinachopendekezwa ni kidogo, kiasi cha kuitia ofisi yoyote mashaka. Mawe yapakwe chokaa kuonyesha mahali viboko hupandia nchi kavu. Kimo cha maji kibandikwe Ekalakala na Kivaa, kwa Kiswahili na Kikamba. Wachuuzi wa samaki, wanaozijua njia kuliko faili lolote na wanaoziba pancha za miiba kila wiki, wapewe kazi ya kuongoza wageni. Kamati ya wadau ikibidi, ikutane chini ya mgunga badala ya hotelini Mombasa.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, masika yakishapita. Kwa sababu viboko hulisha usiku, matembezi yafanywe kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Hizo ndizo saa za kazi za serikali, hivyo hata afisa anaweza kuja bila kudai marupurupu ya kulala nje.