Kompyuta Iliyokojoa

“Anko, kompyuta yako imekojoa.”

Aliyesema hivyo ni mtoto wa miaka 5, Jumapili jioni, mbele ya mama wa bwana harusi, dada zake wawili, shangazi mmoja mwenye miwani na jirani ambaye hakuna aliyemwita. Leo asubuhi nimetoka kununua mahamri na watoto wa njia ya msikitini wamenisindikiza kwenda na kurudi wakiimba “imekojoa, imekojoa”. Majengo ya Nyeri ni mtaa ambao ukipiga chafya mwanzo wa njia, unaombewa rehema mwisho wake.

Wageni walikuja kuchukua video ya harusi niliyowaahidi wiki tatu nyuma. Haikuwa tayari. Badala ya kukiri, nilifanya afanyavyo fundi yeyote mwenye deni: niliwaonyesha mashine.

Na ilikuwa ya kuonyeshwa, wallahi. Juu ya meza, madabodi kubwa uchi. Juu yake prosesa mbili, kila moja imebebeshwa kipande cha shaba kilichokerezwa kwa mashine, kikafungwa kwa mpira wa patapata nilizokata kwa wembe. Kutoka kwenye shaba, mabomba meupe kwa barafu yakishuka chini ya meza, kwenye kompresa nyeusi ya friji kuukuu inayonguruma kama paka aliyeshiba. Ukutani, kando ya kalenda, ule wavu mweusi wa mgongoni mwa friji. Kipimajoto kilisoma digrii 18 chini ya sifuri.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mwanangu, umeanza kuuza samaki?”

Nikamweleza kwamba hii ni kompyuta, na kwamba naipoza. Shangazi alikuwa amevaa koti juu ya sweta, mtandio juu ya mtandio, na soksi za sufu. Ulikuwa mwezi wa Julai, Nyeri, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ukungu umekaa mtaani tangu asubuhi kana kwamba unalipa kodi. Akaniangalia kwa huruma ambayo watu huwawekea wagonjwa. “Unaipoza,” akasema. “Hapa.”

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza, na wewe msomaji ndiye utakayelipa.

Kwa nyanya yangu, pembeni mwa chumba, kuna mtungi wa udongo. Maji yake ni baridi hata siku ya kiangazi, na hauna waya wala mota. Udongo una vitundu vidogo mno; maji yanapenya hadi ngozi ya nje na huko yanageuka mvuke. Kila tone linaloondoka ni kama mgeni wa harusi: halitoki mikono mitupu. Linachukua joto la yale yaliyobaki. Na mzigo wake si haba. Injika sufuria ya maji ya bomba: joto la kuyafikisha kwenye kutokota ni moja, na joto la kuyakausha yote yawe mvuke ni karibu mara saba ya hilo. Ndiyo maana sufuria ya maharagwe haiungui hata ukichochea moto namna gani, mradi maji yamo. Moto wote unaliwa na huko kugeuka.

Sasa, maji hutokota kwenye digrii ngapi? Shuleni tuliambiwa 100. Hapa Nyeri ni 94 hivi, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi sana, na ndiyo sababu githeri yetu inakula kuni kuliko maharagwe ya Mombasa. Kumbe basi kutokota si suala la moto peke yake. Ni suala la nani amekukalia juu. Punguza mgandamizo, kitu kinatokota kikiwa baridi. Uongeze, mvuke unarudi kuwa maji na kulitema joto lote ulilobeba. Friji nzima ni sentensi hizo mbili zikifukuzana ndani ya bomba. Jacob Perkins alipewa hati miliki ya mashine ya namna hiyo London mwaka 1834, na gesi ya 134 iliyomo katika friji nyingi hutokota kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Itokoteshe juu ya prosesa, iondoke na joto, ikandamize kwa kompresa, ilitapike ukutani, irudishe. Mtungi wa nyanya, ila maji yake hayaishi.

Wala si wazo langu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya KryoTech ya Marekani iliuza kompyuta zenye friji tumboni, na Asetek ya Denmark ikafuata na kasha lililoitwa VapoChill. Mdenishi akifanya hivyo anaitwa mhandisi. Mimi mama wa mahamri aliniuliza kama nimeanza kutafuna miraa kwenye tumbo tupu.

Prosesa zangu ni Xeon X5650 za mwaka 2010, viini 6 kila moja, joto la wati 95 kila moja. Jumla wati 190: balbu mbili za zamani za kumulika ukumbi zikifinywa katika eneo la stempu mbili. Mashine ilikuwa seva ya ofisi fulani, nikaipata kwa bei ya mitumba, na feni zake za asili zilikuwa zikilia kama ndege za kivita zinazoruka Nanyuki. Nilitaka kimya. Sawa, nitasema ukweli: nilitaka pia kuzikimbiza prosesa zipite mwendo waliozipangia watengenezaji, na nilitaka watu waje kutazama. Hilo la mwisho nimelipata.

Shida ya prosesa mbili na kompresa moja, mtu yeyote wa Majengo angeniambia bila kusoma fizikia. Ni wake wenza. Gesi inatoka kwenye kompresa, inafika njia panda, na kila upande kuna kapilari, kibomba cha shaba ambacho tundu lake halifiki milimita moja. Urefu wa kibomba hicho ndio unaopima posho. Kikizidi ufupi, gesi inafurika. Kikizidi urefu, prosesa inakufa njaa. Na gesi, kama mume mvivu, huenda kwenye mlango uliofunguka kwa urahisi. Nilivikata vibomba sawasawa kwa rula ya shule. Lakini kimoja nilikikunja kidogo kukipitisha nyuma ya meza, mkunjo wa kutazamwa kwa tochi, na huo ukatosha. Prosesa ya kwanza ikakaa digrii 20 chini ya sifuri, imevaa barafu kama bibi harusi. Ya pili ikapanda hadi 71, homa kali, kila mara nilipoanza kutengeneza video.

Nilimwita fundi wa friji, mzee aliyeanza kazi enzi za gesi ya 12, kabla dunia haijaipiga marufuku kwa kutoboa anga. Alishika bomba la kwanza akaondoa mkono haraka kwa baridi, akashika la pili akaondoa mkono haraka kwa joto. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Kijana wangu,” akasema, “huwezi uadilifu. Baki na mmoja.”

Kisha akapendekeza tuongeze gesi ya kupikia, ya mtungi wa jikoni. Si upuuzi: propani hutokota kwenye digrii 42 chini ya sifuri na kuna friji zinazoitumia. Ila friji hizo zimejengwa kwa ajili yake, nami nina mabomba niliyoyachomelea kwa mkono unaotetemeka, nusu mita kutoka kwenye kasha la umeme linalorusha cheche. Mtungi wa nyanya ndio, nilimwambia, mtungi wa jikoni hapana. Nililala kwenye nyuzi za kapilari siku tatu usiku, nikinyoosha na kupima, mpaka wake wote wawili wakapoa. Saa nane za usiku, kipimajoto kikisoma sawa pande zote, nililia kidogo. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya madabodi ili nizikimbize prosesa.

Madabodi yangu hairuhusu kuzikimbiza prosesa.

Ni ya seva. Seva hutengenezwa zitulie, si zishindane. Mwaka huohuo wa 2010 EVGA ilitoa madabodi moja, SR-2, iliyokubali prosesa mbili za aina hii na kuzikimbiza, na yangu siyo hiyo. Kwa hiyo siku 16 za kazi zilinipa kompyuta iliyo baridi kupita kilele cha Mlima Kenya na yenye mwendo uleule iliyokuja nao. Sikumwambia mtu. Shangazi alipouliza, “Na sasa inakimbia zaidi?” nilijibu, “Inapumua vizuri.”

Kisha mila zikanimaliza. Wageni hawaketi hivihivi: nilichemsha chai ya maziwa, sufuria nzima, chumbani humohumo, dirisha limefungwa kwa baridi. Watu sita na mtoto, wote wakipumua, vikombe vyote vikifuka. Nakumbuka nilifurahi kuona barafu ikinenepa kwenye mabomba. Nilidhani ni mashine inajitahidi. Ilikuwa chai. Jasho la mtungi hutoka ndani yake. Jasho la kompyuta yangu lilitoka kwenye hewa, kwenye vikombe na vinywa vya wageni wangu, likaganda juu ya shaba. Niliwakaribisha, na heshima yangu yote ikapanda kwenye madabodi kuwa theluji.

Stima ikapotea.

Hapa naomba niache kucheka kwa aya moja. Mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, tunayoisikia usiku ikipita kwetu, inateremka hadi Mto Tana na kuzungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji ni ya kwetu, mvua inanyesha juu ya mabati yetu, na ikinyesha tu, giza ni letu pia. Nanunua tokeni za stima kabla ya kutumia, kama mtu asiyeaminika kwa mkopo. Aliyechukua pesa kwanza anakata bila hodi, anarudisha bila salamu, na mashine ya kinyozi ikiungua, au chanjo za zahanati zikipata joto, au mashine ya kusaga ikikwama na debe la mtu ndani, sijaona anayelipwa. Tunaombwa radhi kwa ujumbe wa simu. Simu yenyewe haina chaji. Fundi cherehani jirani yangu amepoteza oda mbili za sare mwaka huu, na hakujenga kitu chochote cha kijinga kama changu.

Basi. Stima ilirudi baada ya dakika moja, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kupotea. Kompresa iliyozimika ghafla inahitaji dakika kadhaa ili mgandamizo wa pande mbili usawazike. Ukiiwasha kabla, inasukuma ukuta. Yangu ilifanya nguuuu, tak. Nguuuu, tak. Kompyuta, kwa utiifu wa seva, ilijiwasha yenyewe mara moja. Prosesa zikapata moto, hakuna wa kuzipoza, zikajizima kwa usalama. Lakini theluji ya chai ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Maji yaliteremka kwenye patapata, yakazunguka meza kwa utulivu, yakatiririka mfululizo, membamba, ya uvuguvugu, juu ya kiatu cha shangazi. Kukasikika tsss. Kukanuka plastiki.

Kimya. Kisha mtoto akasema alichosema.

Mama wa bwana harusi, Mungu amlinde, alijaribu. “Usiseme hivyo,” alimkanya mtoto. “Imetoka jasho.” Lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na jirani asiyeitwa alikuwa amekwisha kutoka, kwa mwendo wa mtu mwenye habari.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa Tanganyika, Erasto Mpemba wa shule ya sekondari ya Magamba, alisema kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliowekwa bila kuchemshwa, na baadaye darasa likamcheka. Mwaka 1969 alilichapisha jambo hilo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne, na leo wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo lenye jina lake. Nilijifariji kwa Mpemba usiku ule, mpaka nilipokumbuka kwamba yeye aliishia na aiskrimu.

Jumatatu nilikausha madabodi juani, na jua halikutoka. Jumanne gesi yote ilivuja, gesi ambayo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuipunguza, na kilo yake moja hupasha dunia kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa. Jumatano paka alilala kwenye wavu wa ukutani, ukaanguka.

Alhamisi kompyuta iliwaka. Prosesa moja tu. Soketi ya pili imekufa. Fundi nilimkuta mjini, akaniuliza hali, nikamwambia nimebaki na mmoja. Hakucheka, alinishika mkono kama tulio msibani.

Sasa prosesa hiyo ina feni ya shilingi 800, na dirisha nimeliacha wazi. Usiku wa Julai hewa ya Majengo inaingia yenyewe, na video inatengenezwa kwa digrii 41. Mama wa bwana harusi, ukisoma haya, njoo Jumamosi baada ya adhuhuri. Chai tutakunywa nje.

Kompresa naiuza. Kwangu imefanya kazi siku 19 tu. Anayeitaka aje na mkokoteni, na asiniulize ilikuwa ya nini.