Mbuzi Juu ya Bati la Jirani

Kwetu Nyamirambo, hapa Kigali, watu wamejenga mlimani, nyumba juu ya nyumba, hata ua wa jirani wa juu unakuwa sawasawa na paa la jirani wa chini. Mtoto akipiga mpira vibaya, unatua kwenye bati la watu. Idd ya kuchinja iliyopita haukutua mpira. Alitua mbuzi.

Alikuwa beberu mweusi, amefungwa kwenye bomba la maji, akingojea wanaume warudi kutoka kuswali uwanjani wampeleke machinjoni. Nyumbani tulibaki wanawake peke yetu: mimi, binti yangu anayesoma sekondari, wifi yangu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Huye kula sikukuu nasi. Mara tukasikia bati linalia. Kamba ilikuwa imetafunwa, na beberu amesimama katikati ya paa la jirani, anatukodolea macho.

Binti yangu akavua kandambili ili amfuate. Mama mkwe akamshika kanga.

“Rudi! Kirazira, ni mwiko. Mtoto wa kike hapandi juu ya nyumba.”

Hakuwa anatania. Katika mila alizolelewa nazo, kuezeka ni kazi ya mwanamume, na kukama ng'ombe vilevile. Mwanamke akipanda paa au akipiga mluzi, anaiitia nyumba balaa. Basi tusubiri wanaume. Lakini beberu hakuwa na habari ya kusubiri. Upande wa pili wa paa kuna mtaro wa maji ya mvua na barabara inayopita pikipiki mfululizo. Na mnyama wa kuchinjwa Idd sharti awe mzima. Akivunjika mguu hafai tena.

Kelele zikamtoa nje jirani wa chini, bibi mjane wa makamo ya mama mkwe. Akauliza kuna nini, akaambiwa. Akamtazama mama mkwe kwa upole.

“Mukecuru, bibi mwenzangu, bati hilo nilipigilia mimi mwaka 1996. Nilipanda na misumari mdomoni, na watoto wangu wakinipa mbao kutoka chini. Nani mwingine angepanda?”

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu sote tulijua. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi hii ilijaa wajane. Waliezeka, walikama, walichimba misingi ya nyumba. Mwaka 1995 wajane manusura wakaunda chama chao, AVEGA Agahozo, ili washikane mikono. Na tangu mpango wa Girinka ulipoanza mwaka 2006, wa kuzipa familia maskini ng'ombe, wanawake wengi wamekama ng'ombe wao wenyewe, na maziwa hayajakauka. Miko ile ilivunjwa na shida, mchana kweupe, na nyumba zilizoezekwa na wanawake zimesimama mpaka leo.

Mama mkwe akaiachia kanga.

“Kanyaga kwenye mistari ya misumari,” bibi jirani akamwelekeza binti yangu kutoka chini. “Chini yake kuna mbao. Ukikanyaga kati ya mistari, bati litabonyea.”

Binti akapanda, mguu mmoja baada ya mwingine, akifuata vichwa vya misumari. Kwanza alijaribu kumnyatia beberu kwa nyuma, naye akasogea ukingoni. Mboni ya mbuzi imelala mlalo, na macho yenyewe yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuka. Mnyama anayewindwa huhitaji macho ya namna hiyo. Kwato zake nazo zimegawanyika vidole viwili, ukingo mgumu na ndani laini, zikashika bati pale ambapo mguu wa mtu ungeteleza. Mbio za juu ya paa binti asingemshinda.

Nikamrushia binti maganda ya ndizi. Akazunguka akaja mbele ya beberu, akachuchumaa, akapiga mluzi mdogo wa kubembeleza. Masikio yakasimama. Beberu akaja mwenyewe, akala mkononi, akashikwa pembe. Wanaume waliporudi walimkuta amefungwa kwa mnyororo, mzima wa afya.

Mwiko mwingine ulitungoja kwenye chakula cha mchana. Nyama ilikuwa imeshagawanywa kama desturi: fungu la nyumba, fungu la jamaa na majirani, fungu la maskini. Agatogo ya ndizi ilikuwa inachemka, brosheti na zingalo za utumbo ziko kwenye makaa. Mama mkwe akaanza kupakua. Wajukuu wa kiume akawapa brosheti mbili mbili. Binti yangu, aliyemwokoa mnyama yule, akapewa maharage na mboga ya dodo. Mwanamke akila mbuzi huota ndevu, akatukumbusha, tena huwa mkaidi kama mbuzi mwenyewe.

Bibi na mjukuu wana utani wao, na binti yangu akautumia.

“Bibi, wewe hujaonja mbuzi tangu uzaliwe. Hizo nywele za kidevuni umezipata wapi?”

Kimya kikatanda. Kisha wifi yangu, ambaye naye amevuka miaka hamsini na hajawahi kutia nyama ya mbuzi mdomoni, akajishika kidevu. “Na mimi ninazo,” akasema. “Muuguzi wa kituo cha afya aliniambia ni umri.”

Muuguzi alisema kweli. Mwili wa kila mwanamke hutengeneza kiasi kidogo cha homoni tunazozihesabu kuwa za kiume, katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo. Hedhi inapokoma, homoni za kike hupungua sana, na zile nyingine zinapata nafasi ya kuonekana kidevuni. Kwa msichana, ndevu zinaweza kuletwa na maradhi ya ovari ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Nyama, ya mbuzi au ya ng'ombe, tumboni husagwa ikawa viini vya kujenga mwili. Haina njia ya kubeba ndevu za mnyama mpaka kwenye uso wa mlaji. Isitoshe, mbuzi jike pia huwa na ndevu.

Jambo linaloniuma ni mgao. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza damu kila mwezi, na mahitaji yake ya madini ya chuma kwa siku ni zaidi ya mara mbili ya yale ya mwanamume. Chuma kilicho ndani ya nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha maharage. Kwa hiyo aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya nyama ndiye aliyetishwa asiile. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019–2020 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sababu ni nyingi, lakini afya ya mtoto huanzia katika damu ya mama yake.

Sheria zetu zimetembea mbali. Mwaka 1999 binti alipata haki ya kurithi sawa na kaka yake. Katiba ya 2003 ikawawekea wanawake walau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani ambayo wabunge wake wengi ni wanawake, na uchaguzi wa 2024 ukawapa viti 51 kati ya 80. Lakini hakuna bunge linalopakua chakula. Mwiko wa jikoni unaishi kwa sababu unafundishwa na watu wanaotupenda, kwa hofu ya kweli, na mtu hawezi kumshitaki bibi yake.

Mama mkwe hakula mbuzi siku ile, wala hatukumlazimisha. Ulimi wake ni wake. Ila alichukua ini, akaliweka kwenye sahani ya mjukuu wake.

Enyi akina mama na akina bibi, mnaoshika upawa katika kila nyumba ya Kigali na kwingineko: mpeni binti nyama. Na akiota nywele kidevuni, msimsimange wala msimwulize alikula nini. Mpelekeni kituo cha afya, kadi ya bima ya mituweli mkononi.