Baiskeli Isiyo na Keria

Naomba nieleweshwe jambo moja, na mwenye jibu asinizungushe: inakuwaje baiskeli kadiri inavyonyofolewa vitu ndivyo bei yake inavyopanda?

Shemeji yangu, mume wa dada, ana kazi nzuri, ana gari, ana afya, yaani hana sababu yoyote ya kuteseka. Amenunua baiskeli ya changarawe. Bei aliyonitajia mimi na bei aliyomtajia dada ni za baiskeli mbili tofauti kabisa, nami nimeilinda ndoa yao kwa kunyamaza mpaka leo. Aliponiita niitazame, nilifanya anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri mbele ya baiskeli ngeni: niliizunguka. Keria hakuna. Madigadi hakuna. Kengele hakuna, dinamo hakuna, kava la cheni hakuna. Stendi nayo hakuna, kwa hiyo inaegemea ukuta kama mlevi wa saa sita usiku. Hata ndani ya matairi, nikaambiwa kwa fahari, hakuna mpira. Mna majimaji meupe tu yanayosubiri mwiba.

"Sasa shem, hapa umelipia nini?"

"Uzito," akasema. "Ina kilo 9 tu."

Kwetu anayekuuzia pungufu anaitiwa watu wa vipimo.

Nianze na keria, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Sisi tuliokulia vijijini tunajua kwamba keria ndiyo baiskeli yenyewe. Magurudumu yamewekwa ili keria isonge mbele. Juu yake nimeona magunia ya mkaa, kreti za soda, madumu ya maji, mbuzi aliyekata tamaa, mgonjwa akipelekwa zahanati na bibi harusi akipelekwa kwake. Bodaboda, ambayo leo haina mtaa isipofika, ilianzia kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa vijana waliofunga mto kwenye keria ya baiskeli na kuvusha abiria. Ndugu zetu wa Goma wao hawana hata pedeli, wana chukudu, baiskeli yao ya mbao ya kusukuma, lakini itazame chukudu: karibu yote ni sehemu ya kuwekea mzigo. Waliitengeneza watu wenye akili timamu, na wakaanza na jambo la maana.

Kava la cheni ni hivyo hivyo. Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa anaendesha baiskeli ya Phoenix akiwa amevaa kanzu nyeupe pee, masika na kiangazi, na sikumbuki kuona doa la grisi kwenye pindo lake. Kile kibati kilikuwa na kazi. Sasa kimeondolewa, na badala yake tunauziwa kaptula ya kubana yenye godoro makalioni. Nitaifikia hiyo kaptula.

Mchezo wenyewe wa baiskeli za changarawe umetoka Marekani. Katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, tangu 2006 watu hukusanyika kila mwaka kuendesha baiskeli maili 200, yaani kilomita 322 hivi, kwenye barabara za mashambani zenye mawe ya gumegume yanayochana matairi. Wanalipa kiingilio kwa ajili hiyo. Jambo likakua, na mwaka 2022 shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, likaandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe huko Veneto, Italia. Kenya wao tangu 2021 wana mbio zao za siku 4 kule Masai Mara, na hao nawapa heshima yao kwa sababu wana mapafu. Shemeji ana shida nyingine.

Mimi nimezaliwa kando ya barabara ya changarawe. Kila baada ya miaka 5 alikuja mtu mwenye kofia kutuahidi lami, nasi tulipiga vigelegele, akaondoka na vumbi lake. Wazee wamekufa wakiisubiri hiyo lami. Leo mtu wa mjini mwenye lami mpaka mlangoni anapanda basi kwenda kutafuta mahali ambako ahadi haijatimizwa.

Shemeji alinieleza kwa kirefu kwamba siri ya uvumbuzi huu ni upana wa tairi. Tairi za mbio ni nyembamba, za changarawe zimefika milimita 40, na wahandisi wamehangaika sana kufika hapo. Nilipotoka kwake nilipita kwa fundi wa mtaani, nikainama kwenye Phoenix ya muuza mkate na kusoma ubavuni mwa tairi: 28 × 1½. Inchi moja na nusu ni milimita 38. Kumbe muuza mkate amekuwa kwenye uvumbuzi tangu zamani, amepungukiwa milimita 2 tu, na bado ana keria.

Basi tukaenda Lushoto, kwa sababu Dar es Salaam ina changarawe ya kutosha lakini haina msitu wa milimani. Shemeji alikuwa na baiskeli mbili, ile mpya na "ya zamani" ambayo ina mwaka mmoja, nami nikapewa ya zamani. Kutoka Mombo hadi Lushoto kuna kilomita 33 za lami inayojiviringisha mlimani kona baada ya kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo na maporomoko ya Soni. Nikasema tukishafika juu tuishuke hii barabara, tutateremka mpaka Mombo bila kukanyaga pedeli. Shemeji akanijibu kwamba lami haina ladha. Sijawahi kuilamba, nilinyamaza.

Asubuhi tukapanda kwenda Magamba. Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na msitu wa Magamba unapanda hadi zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo hewa ya kugombania ni haba na wanaoigombania ni wawili. Msitu huu ni sehemu ya Tao la Mashariki, milima ya kale yenye mimea na wanyama ambao hawapatikani popote pengine duniani. Kuna miti ya mikulo mirefu ajabu, kuna mbega weusi kwa weupe, kuna vinyonga wenye pembe. Haya nimeyasoma. Nilichokiona mwenyewe ni mita mbili za ardhi mbele ya tairi, muda wote, maana ukiinua kichwa kumtazama mbega, mzizi unakuuliza umekuja kufanya nini. Niulize kuhusu Magamba nitakueleza mawe yake moja moja.

Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unakupenda, haukuachi. Madigadi, kama tulivyosema, hakuna, kwa hiyo tairi la nyuma lilinichora mstari wa tope kuanzia makalioni hadi kisogoni, na la mbele likanilisha mengine. Baada ya muda tope likajaa kati ya gurudumu na fremu, gurudumu likagoma kuzunguka. Hapo ndipo shemeji aliposhuka, akaiinua baiskeli yake na kuiweka begani kwa furaha kabisa, nami nikaelewa kwa nini wanaitaka nyepesi. Ni ya kubebwa. Baiskeli ya Phoenix inambeba mtu na mzigo wake; hii inanunuliwa kwa mamilioni halafu mtu ndiye keria.

Njaa iliponishika nikasimama pale barabara inapoachana na msitu, mama mmoja akikaanga viazi, birika la chai ya tangawizi likifuka. Shemeji akakataa. Alikuwa na kipakiti cha jeli ya kunyonya, na programu ya simu yake ilikuwa inahesabu muda, ati tukikaa wastani unashuka. Wastani wa nani? Nilikula viazi vyangu nimesimama, huku natazamwa na mtu anayenyonya uji baridi wa bei ya kuku.

Sasa ile kaptula. Lushoto ni mji wa watu wenye staha zao, na njia ya kutoka msituni inapita nyuma ya mashamba ya kabichi na karoti, ambako watu wanafanya kazi na wana macho. Tulikutana na bibi mmoja, mzigo wa kuni kichwani, amenyooka. Tukashuka tumwamkie kwa adabu, tukijikinga kwa baiskeli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Kwa baiskeli?"

"Hapana bibi, kwa basi. Baiskeli tulizipakia."

Akalitafakari hilo.

"Na mnakwenda wapi?"

"Tunazunguka tu. Tunarudi palepale Lushoto."

"Mmebeba nini?"

"Hatukubeba kitu."

"Basi alhamdulillahi," akasema, akaanza kuteremsha kuni. "Nifikishieni hapo juu."

Ndugu msomaji, tuzo zote za dunia haziifuti aibu ile. Vijana wawili wenye baiskeli mbili, na hapakuwa na mahali pa kuweka kijiti kimoja. Shemeji akaanza kumweleza habari za fremu ya kaboni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akatutazama juu mpaka chini, akasema "Poleni sana," akajitwika mzigo wake na kutupita kwenye mlima uliofuata.

Kilichotumaliza kilikuwa mwiba. Yale majimaji meupe, ambayo kazi yake pekee duniani ni kuziba tundu, yaliruka yote nje yakampaka shemeji miguuni na tairi likalala. Tukaikokota baiskeli hadi kwa fundi aliye chini ya mti, mwenye beseni la maji, gundi, msasa na viraka. Akafungua tairi, akaingiza mkono, akazungusha, akautoa mtupu.

"Kaka, mpira uko wapi?"

"Haina mpira."

"Umeibiwa?"

Fundi ni fundi. Akatoa mpira wa Phoenix, mpya, akasema utaingia tu kwa kulazimisha kidogo. Ukaingia kweli. Tatizo likawa tundu la valvu kwenye rimu, lile la kisasa ni jembamba na valvu ya Phoenix ni nene. Fundi akasema hilo dogo, akamwita kijana alete msumari wa moto. Sijawahi kumsikia shemeji akipiga kelele namna ile, hata siku ya msiba wa baba yake alijizuia.

Ndipo tukaita bodaboda. Kijana akaitazama baiskeli, akaiinua kwa mkono mmoja, akacheka, akailaza kwenye keria ya pikipiki na kuifunga kwa vipande vya mipira mikuukuu. Nauli ikapatanwa ya abiria na ya mzigo. Shemeji akakaa katikati, ameikumbatia, wakateremka.

Sasa amenipigia simu. Tairi limepona, na Desemba anataka twende Mtae, huko ukingoni mwa milima ambako mtu anaiona hifadhi ya Mkomazi chini yake. Nimekubali, kwa sharti kwamba kila mtu aje na baiskeli yake. Yangu ni Phoenix, nimeshailipia nusu, ina keria, madigadi mbili na kengele inayosikika. Atakayekwama njiani nitambeba, ila ajue mapema kwamba nauli yangu ni ileile ya bodaboda, na baiskeli yake inalipiwa kama mzigo.