Kuku, Oringi na Upepo wa Singida

Hapa Kinampanda ukifungua boneti ya gari nje ya nyumba yako, umeitisha mkutano. Hakuna mbiu inayopigwa. Boneti ikilia tu, aliyetumwa dukani anasahau alichotumwa, mzee aliyekuwa anaota jua anahamisha kigoda chake, na wanachuo wa ualimu wanaopita kwenda mazoezi ya kufundisha wanasimama kuangalia zana. Baiskeli ikipata pancha utahangaika nayo peke yako mpaka jua lizame. Gari ni mali ya umma.

Langu ni pikapu, Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, dizeli, lita 2.8, isiyo na kompyuta hata moja ya kusingizia. Ilianza kudeka tukitoka Shelui. Mlima Sekenke ilikuwa ikiupanda kwa kelele, lakini ikiupanda. Safari hiyo ilifika katikati ikawa inaishiwa nguvu na kuzirudisha, inaishiwa na kuzirudisha, huku malori yenye mzigo yakitupita na madereva wakitupigia honi ya pole. Kupitwa na lori lililojaa mzigo kwenye mlima ni fedheha ambayo sheria ya barabarani haijaitungia adhabu, lakini abiria wa nyuma wanaitungia.

Kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye picha ya kidude, na chini ya kidude kuna mawimbi. Mke wangu aliisoma kuwa ni pasi, kwamba gari imepata joto. Mwanangu wa kiume akasema ni mtungi. Mzee tuliyempa lifti pale chini aliinama, akaitazama kwa muda wa heshima, akatoa tafsiri yake: hilo ni kaburi, simamisha gari nishuke.

Aliyetupa jibu sahihi ni jirani yangu, mkufunzi wa fizikia aliyestaafu. Ni filta ya dizeli, na mawimbi ni maji. Dizeli ina tabia ya kukaribisha maji. Tangi likilala nusu tupu katika baridi yetu ya Juni na Julai, unyevu wa hewa iliyobaki ndani unageuka matone ukutani na kutiririka. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanatua chini ya filta, na huko chini kuna swichi yenye boya. Maji yakiongezeka boya linapanda, taa inawaka. Kwenye injini ya petroli ungeweza kupuuza mambo mengi. Ya dizeli hailainishwi pampu yake kwa oili ya injini, inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita, na vyuma vyake vimebanana kiasi kwamba tone la maji lililokaa humo siku chache linatosha kuleta kutu ya kukufilisi.

Mkutano haukuridhika na hoja ya unyevu. Tanzania mtu ukimwambia kuna maji kwenye mafuta, anataka jina la mwizi. Walikumbushana enzi za uchakachuaji, wakati dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo ukose faida. Mmoja akashauri twende tukamkamate aliyeniuzia. Nilimkumbusha kwamba aliyeniuzia dumu la mwisho ni shemeji yake, hoja ikaondolewa mezani.

Fundi wetu alikuwa kwenye msiba, na msiba wa kwetu hauna ratiba ya kurudi. Kwa hiyo filta ingebadilishwa nyumbani. Niliinunua Kiomboi, duka la spea, ambako muuzaji aliniwekea mezani mbili zenye bei mbili. “Mwalimu, hii ni orijino,” akasema. “Na hii nyingine?” “Hii nayo ni orijino, ila ya kawaida.” Nilichukua ile isiyo ya kawaida.

Kwa maelezo ya mkufunzi kazi yenyewe ni ndogo. Unafungua filta ya zamani kwa kuizungusha, unahamishia swichi ya maji kwenye filta mpya, unapaka dizeli kidogo kwenye mpira wa juu, unakaza kwa mkono, unapiga pampu ya mkono iliyo juu yake mpaka iwe ngumu, unawasha. Nusu saa. Katika maelezo hayo hakuna kuku.

Filta ya zamani ilikataa kutoka. Ilifungwa zamani na mtu mwenye kifua, na joto la injini likaigandisha. Tulijaribu mkanda wa suruali. Kijana wa bodaboda akasema yeye ameona Singida mjini wanatoboa kwa bisibisi kubwa, wanaitumia bisibisi hiyo kuwa mpini. Hakungoja mkutano upige kura. Filta ilitoka, ni kweli, na dizeli karibu yote iliyokuwamo ikatoka nayo, ikapitia mkono wa shati langu mpaka kwapani. Mke wangu alikuja mlangoni, akanusa, akasema kwa upole wote, “Baba Neema, chakula chako kitaletwa hapo hapo ulipo.”

Tuliyamimina mabaki kwenye chupa ya kioo ili kila mtu ajionee. Ndipo mama yangu mzazi, anayeitwa Bibi na mtaa mzima, akasogea. Bibi anakamua alizeti. Ameuza mafuta ya alizeti tangu wengine hatujajua kuhesabu chenji, na mteja hawezi kumdanganya wala yeye hamdanganyi mteja. Aliinua chupa juani, akaona mstari kati ya dizeli na maji, akasema, “Haya mmeyatikisa. Mafuta hayatikiswi. Yaacheni yalale, asubuhi mchote ya juu.” Wataalamu wa kutunza matangi ya dizeli duniani kote wanasema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Kisha akaongeza swali lililoleta kicheko: kwa nini tusitie alizeti yake moja kwa moja, ambayo haina maji?

Mkufunzi hakucheka. Alikuwa amengojea swali kama hilo tangu astaafu. Katika maonyesho ya Paris mwaka 1900, akasema, injini ndogo ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na wengi waliokuwa wanaitazama hawakugundua. Diesel mwenyewe aliamini mafuta ya mimea yatakuwa na siku yake. Hakuishi kuiona, maana usiku mmoja wa Septemba 1913 alitoweka akiwa melini akielekea Uingereza. Na enzi hizo, mkufunzi akaendelea akinyoosha kidole, upande gani sikumbuki, Wajerumani wenzake walikuwa hapa hapa Iramba wakichimba dhahabu Sekenke, dhahabu ambayo mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, waliifulia Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mtu mmoja akauliza kama sarafu hizo bado zinapatikana, na kwa muda mrefu wa mchana ule hakuna aliyeikumbuka pikapu. Alizeti, kwa wanaotaka kujua, ni nzito kumiminika kuliko dizeli mara kadhaa, na baridi inazidisha uzito huo. Injini ya 3L ingeweza kuinywa ikichanganywa na kupashwa moto. Bibi alipopiga hesabu ya bei ya lita yake na ya dizeli alighairi kunisaidia.

Nilikuwa nimefungua swichi ya chini na kuiweka juu ya tambara. Swichi hiyo ina oringi, pete ya mpira mweusi, nyembamba, inayozuia pale inapojifunga kwenye filta pasivuje. Mtu alivuta tambara ajifute mikono. Oringi ikadondoka, ikabingirika mchangani, na kabla haijalala, kuku wa jirani akaiona.

Lazima nieleze kuhusu kuku wa Singida. Nchi nzima inawajua. Basi likisimama Singida, abiria wanawanunua kupitia dirishani, wakiwa hai au wamechomwa, na mwenye hoteli Dar es Salaam akiandika “kuku wa Singida” ubaoni, bei imeshajieleza. Kuku huyu amefika kwenye heshima hiyo kwa kujitafutia. Hajui pumba za dukani. Anaona chochote cheusi chembamba kinachotembea, anahesabu kuwa ni mdudu, anakimeza, halafu ndiyo anafikiri. Huyu aliimeza oringi yangu, akafuta mdomo ardhini, akatazama kama kuna nyingine.

Ukimya ulitanda, kisha mkutano ukagawanyika. Kambi ya kwanza ilitaka kuku achinjwe mara moja, ushahidi ungali mpya. Hawa, niliona, ni wale ambao walikuwa hawajala mchana. Kambi ya pili ilitaka tumsubiri, oringi itatoka yenyewe, lakini mkufunzi akawajulisha kuwa kinachoingia kwenye firigisi kikiwa kigumu hukaa humo kikisaga mahindi. Mwenye kuku alifika akiwa amejifunga kanga ya pili kiunoni, dalili kwamba habari ilimfikia ikiwa kamili. “Mwalimu, shikamoo,” alisema, akinyanyua kuku wake na kumkumbatia. “Kimpira chako shilingi ngapi?” Sikuwa na jibu zuri. “Basi huyu anataga.”

Kijana wa bodaboda akakata pete kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Ilikaa vizuri kabisa. Tulikaza, tukapiga pampu ya mkono, tukawasha. Injini ikanguruma kwa nusu dakika, makofi yakapigwa, ikazima. Tukarudia, ikanguruma muda mfupi zaidi. Kila mara makofi yalipungua.

“Imeingia upepo,” wakasema wote kwa pamoja, hata Bibi. Mkoa huu kwa upepo hauna mpinzani. Mradi wa umeme wa upepo Singida umezungumzwa miaka na miaka, na mimi nilikuwa nimeupata bila mwekezaji, ndani ya bomba la dizeli. Mkufunzi alieleza huku akichora ardhini. Injini ya dizeli haina plagi za kurusha cheche. Inabana hewa, kwenye 3L mpaka ibaki sehemu moja ya 22, hewa inakuwa ya moto, dizeli inarushiwa humo na kulipuka. Ili nozeli ifunguke ni lazima isukumwe na kitu kisichobonyea, na dizeli haibonyei. Povu la hewa linabonyea, pampu ikisukuma linajikunja, ikiachia linajikunjua, nozeli imelala. Na ubaya wa gari hii ni kwamba dizeli inavutwa kupitia kwenye filta, haisukumwi. Mpira ukiwa na kasoro hutaona tone likidondoka nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani.

Tulilegeza nati za mabomba ya nozeli, stata ikapigwa mpaka dizeli ikaruka bila mapovu, tukakaza. Mwenye gari ya kisasa ya D-4D asithubutu kuniiga hapo, maana ndani ya mabomba yake dizeli ina mgandamizo unaoweza kupita mara elfu ule wa hewa tunayoivuta, na inapenya ngozi. Yangu iliwaka, ikazima. Ile pete ya tyubu tulipoitoa ilikuwa imevimba na kulegea. Mpira wa baiskeli na dizeli havipatani. Oringi ya kweli inatengenezwa kwa mpira wa namna nyingine. Betri nayo ilishachoka kutusikiliza.

Wakati huo mtoto wa mwisho wa jirani, asiyetimiza hata umri wa chekechea, alipita mbele yetu akivuta gari lake. Bodi lilikuwa boksi la filta yangu mpya, kamba ni ya katani, magurudumu vizibo vya soda. Ndani ya boksi, katika nafasi ya mzigo, kulikuwa na kipakiti cha nailoni ambacho hakijafunguliwa, na ndani ya kipakiti, oringi mpya. Ilikuja na filta. Filta nyingi za aina hiyo huja nayo. Boksi lilitaifishwa pale tu lilipotua chini asubuhi, kwa jinsi watoto wa hapa wanavyotaifisha maboksi.

Mtoto hakukubali kutoa mzigo wake bure. Tulimlipa andazi.

Oringi ikakaa mahali pake, wanachuo wakasukuma, pikapu ikaserereka kwenye mteremko, nikaachia klachi, ikakohoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ikatulia na kunguruma kama kawaida yake. Taa ya njano ikawa imezimika. Nilipogeuka kuwashukuru, nyuma walikuwa wamekwisha kupanda, kila mtu na safari yake ya Kiomboi ambayo ilikuwa inangojea gari lipone. Fundi alirudi kutoka msibani jioni hiyo, akazunguka pikapu, akagusa filta kwa kidole kimoja, akasema imekazwa vizuri, na akataka ya soda.

Mwenye kuku alikuja siku ya mnada. Alikuwa na tenga, na ndani ya tenga, miongoni mwa wenzake, alikuwamo yule. Ameacha kutaga, alisema, akinitazama kwa namna ambayo nauli haikuweza kutajwa. Nilimpeleka. Mchuuzi anayepeleka kuku Dar es Salaam aliwapima mmoja mmoja kwa mkono, akamsifu huyo kwa uzito, na akatoa bei nzuri. Kwa hiyo yuko mama mmoja, Sinza au Mbagala, aliyempasulia mume wake firigisi ya kuku wa Singida aliyemnunua ghali, akakuta humo pete nyeusi ya mpira, akaenda nayo sebuleni akiwa ameishika kwa vidole viwili: “Baba, hivi huyu walikuhakikishia kweli kwamba ni wa kienyeji?”